Blackrock ya Dublin: shule hii ya mapadre ilijengwa kwa ajili ya nani?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora, na ninaandaa vipindi vya elimu ya wamisionari kwa wanafunzi wa kidato cha tano. Katika mji huu mada hiyo haihitaji kutafutiwa mifano mbali. Shule ya Mtakatifu Maria, ambayo leo tunaiita Milambo, ilikuwa mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers. Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere alikubali kufundisha hapo, ingawa shule ya serikali ya Tabora, aliyosoma mwenyewe, ilikuwa tayari kumlipa mshahara mkubwa zaidi. Mkuu wa shule hiyo, Padre Richard Walsh, alimsaidia kufungua njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Haya wanafunzi wangu wanayajua kwa sababu wameyasikia tangu shule ya msingi.

Wasichokijua, na ambacho mimi pia sijakipata vizuri vitabuni, ni upande wa pili. Mmoja wao aliniuliza: hao mapadre waliotuletea bweni, kengele ya alfajiri, misa kabla ya uji na viranja wa zamu, kwao walikuwa na shule za namna gani? Nilitafuta, nikaishia kwenye Blackrock College, shule ya wavulana iliyo kando ya bahari kusini mwa jiji la Dublin, Ayalandi. Niliichagua kwa sababu ilianzishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na kwa hiyo wanafunzi wataona uhusiano bila kulazimishwa.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, shule ile ilijengwa kwa ajili ya nani: watoto wa matajiri, au vijana waliotarajiwa kuwa mapadre? Pili, maisha ya ndani yalikuwaje? Tatu, nimeona kwamba katika miaka ya karibuni jina la shule hiyo limetajwa sana kwa habari za kuhuzunisha, na nataka kujua kwa uhakika ni nini kilichotokea, ili nikiamua kulifundisha jambo hilo nilifundishe kwa usahihi.

---

Mzee wa Ujiji (Kigoma) amejibu:

Mwalimu, salaam kutoka Ujiji. Nilifundisha historia kabla ya kustaafu, na historia ya Ayalandi ni jambo ambalo nimelisoma kwa upendo mkubwa, kwa hiyo utanivumilia nikianza mbali kidogo.

Huwezi kuielewa shule ya Kikatoliki ya Ayalandi bila kwanza kuelewa kwamba kulikuwa na wakati ambapo kuwa na shule ya namna hiyo kulikuwa kosa la jinai. Baada ya Wakatoliki kushindwa vitani mwaka 1691, bunge la Waprotestanti mjini Dublin lilitunga sheria mfululizo za kuwabana, na ile ya mwaka 1695 ilimkataza Mkatoliki kufundisha shule na pia kumpeleka mtoto wake kusoma ng'ambo. Wakatoliki walikuwa wengi na Waprotestanti waliotawala walikuwa wachache, lakini ardhi, vyeo na kalamu vilikuwa mikononi mwa hao wachache. Wanakijiji walimlipa mwalimu kwa fedha kidogo au kwa chakula, naye akawafundisha watoto vibandani, ghalani, au nyuma ya ua wa miti pembeni mwa barabara. Sheria zilianza kulegezwa mwaka 1782, na hapo ndipo shule zikaanza kuota moja baada ya nyingine. Edmund Rice, mfanyabiashara wa Waterford aliyefiwa na mke, alianza kufundisha watoto maskini wa mji huo mwaka 1802, na kazi hiyo ikazaa shirika la Mabruda wa Kikristo. Wajesuiti walifungua Clongowes Wood mwaka 1814 kwa ajili ya watoto wa familia zenye uwezo. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili: moja ya mtoto wa maskini, nyingine ya mtoto wa mwenye nacho, na zote mbili zikiwa chini ya msalaba mmoja. Mwalimu, ningekushauri uliweke hilo mbele ya wanafunzi wako mapema, kwa sababu mengi yaliyofuata yanatokana nalo.

Sasa Blackrock. Njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1849 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kwa kiasi kama hicho wakaihama nchi. Waliobaki na kuinuka baada ya hapo walikuwa wenye maduka, wakulima wakubwa, madaktari na wanasheria wa Kikatoliki, tabaka ambalo sasa lilikuwa na fedha lakini bado lilifungiwa milango mingi. Katika hali hiyo, mwaka 1859, akafika padre Mfaransa aitwaye Jules Leman pamoja na wenzake wachache, na mwaka 1860 wakafungua shule ambayo watu wa mjini waliiita kwa muda mrefu "chuo cha Wafaransa". Leman hakuja kwa ajili ya watoto wa wenye maduka. Shirika lake lilikuwa na misheni katika pwani za Afrika, na sehemu kubwa ya dunia wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza. Alitaka kupata vijana wanaozungumza Kiingereza ambao wangekubali kuwa wamisionari. Lakini kijana wa kuandaliwa upadre hana ada, na walimu wanahitaji kula. Hivyo aliwapokea pia wavulana ambao wazazi wao walitaka tu elimu nzuri na waliweza kuilipia.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na halina haja ya kuchagua upande. Wote wawili walikuwa ndani ya ukuta mmoja, na ada ya mtoto wa mfanyabiashara ilisaidia kumlea mwenzake aliyekuwa akielekea Afrika. Nilipolielewa jambo hili niliiona Bagamoyo kwa jicho jingine, kwa maana misheni zetu zilibebwa na vibweta vya wazazi ambao hawakuwahi kuiona Afrika.

Kuna mwaka mmoja ambao usiuache: 1878. Serikali ya Uingereza haikutaka kuonekana inazipa fedha shule za Wakatoliki waziwazi, kwa hiyo ilichukua pauni milioni moja kutoka katika mali iliyokuwa ya Kanisa la Kiprotestanti, ambalo lilikuwa limevuliwa hadhi ya kuwa kanisa la dola, ikaanzisha mtihani wa taifa kwa shule zote za sekondari, na kuzilipa shule kulingana na matokeo ya wanafunzi wao. Mtihani ukawa uwanja ambapo mtoto wa Kikatoliki angeweza kumshinda mtoto wa Kiprotestanti mbele ya nchi nzima, na magazeti yakachapa majina ya walioshinda. Blackrock iling'ara sana katika enzi hiyo. Hasara yake nayo unaijua bila kuambiwa, Mwalimu, kwa sababu tunaishi nayo hapa: mwalimu analazimika kufundisha kinachotahiniwa, na mtoto mzito wa kuelewa anakuwa mzigo kwa shule.

Mwaka 1898 akafika kijana mmoja kwa msaada wa kupunguziwa gharama. Alizaliwa New York mwaka 1882, akaletwa Ayalandi akiwa na umri wa miaka miwili, akalelewa na ndugu wa mama yake katika nyumba ya kibarua huko Bruree, na kabla ya hapo alikuwa akitembea maili nyingi kwenda shule ya Mabruda. Jina lake Éamon de Valera. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba usiku wake wa kwanza bwenini mvulana wa kitanda cha jirani alikuwa akilia kwa kukumbuka nyumbani, naye de Valera akalala macho akistaajabu, kwa kuwa yeye alijiona amefika mahali pa heri. Baadaye alifundisha hisabati, akawa mmoja wa makamanda wa maasi ya mwaka 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza, akahukumiwa kifo lakini adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo, akaongoza serikali kuanzia mwaka 1932, na hatimaye akawa rais wa nchi kuanzia 1959 hadi 1973. Mtoto wa nyumba ya kibarua hakuwa mwanafunzi wa kawaida pale, na ningewaomba wanafunzi wasimchukue kama kipimo cha shule nzima. Hata hivyo mlango ulikuwepo, mwembamba, naye alipita.

---

Mganga wa Kibirizi (Kigoma) amejibu:

Shikamoo Mzee wa Ujiji, na salamu kwako Mwalimu. Mimi ni daktari, na nilisoma shahada ya pili Dublin, kwa hiyo nitajibu la pili kwa yale niliyoyaona na kuyasikia kwa wenzangu waliosoma shule hizo.

Blackrock iko Williamstown, na reli inapita karibu nayo, ikiambatana na ufuo wa bahari. Hiyo ndiyo reli ya kwanza ya Ayalandi, iliyofunguliwa mwaka 1834 kutoka Dublin hadi Kingstown, mji ambao leo unaitwa Dún Laoghaire. Ndiyo iliyoufanya ukanda ule kuwa makazi ya watu wenye fedha, na ndiyo iliyoiwezesha shule kupokea wanafunzi wa kutwa pamoja na wa bweni. Mwaka 1875 mapadre waliongeza jumba la Williamstown, lenye umbo la ngome, katika eneo lao.

Kuhusu ratiba ya zamani, Mwalimu, hakuna kitakachowashangaza watu waliosoma seminari ya Itaga au bweni lolote la misheni: sala za asubuhi, misa, kifungua kinywa, masomo, michezo, kisha masomo ya jioni katika ukumbi mkubwa huku mtu akisimamia kimya. Wasimamizi hao mara nyingi walikuwa vijana wa shirika wenyewe, waseminari ambao hawajapewa upadrisho, waliopangiwa miaka kadhaa ya kulea wavulana kabla ya kuendelea na teolojia. Kilatini kilikuwa na nafasi kubwa, kulikuwa na mafungo ya kiroho kila mwaka, na tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ilikuwa siku kuu ya shule. Baada ya uhuru Kiayalandi kilipewa uzito mkubwa: kuanzia mwaka 1934 hadi 1973 mwanafunzi asiyefaulu Kiayalandi hakupata cheti cha kumaliza sekondari, hata kama masomo mengine yote ameyamudu.

Lakini nikikaa kimya kuhusu raga nitakuwa sijaeleza maisha ya shule ile. Kombe la shule za mkoa wa Leinster lilianza mwaka 1887, na Blackrock ndiyo iliyolichukua mara ya kwanza; tangu hapo hakuna shule iliyolichukua mara nyingi kama yake. Fainali imezoeleka kuchezwa tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Nilikwenda kuitazama pamoja na rafiki aliyesoma hapo. Nyuma ya goli walikaa mamia ya wavulana wenye skafu za bluu na nyeupe, na mbele yao walisimama wenzao wachache waliokuwa wameupa uwanja kisogo muda wote wa mchezo. Kazi yao ilikuwa kuongoza nyimbo. Mchezo ulikuwa unaendelea nyuma ya migongo yao, nao walikuwa wakisoma hali yake katika nyuso za wenzao, wakinyanyua mikono wimbo upande, wakiishusha ushuke. Wazee wa miaka sabini waliimba nyimbo zile zile wakiwa wamesimama. Rafiki yangu aliniambia kwamba mwanasheria mwajiri, daktari bingwa na meneja wa benki wanaweza kukutana pale, na kijana anayetafuta kazi anajulishwa kwao kabla hata hajaandika barua.

Hapo ndipo utaona tabaka. Shule nyingi za Mabruda wa Kikristo, alizozigusa Mzee, hazikucheza raga. Zilicheza hurling, mchezo wa jadi wa kupiga mpira kwa fimbo, na kandanda ya Kiayalandi, michezo iliyosimamiwa na chama cha michezo ya jadi kilichoanzishwa mwaka 1884, ambacho hadi mwaka 1971 kilimkataza mwanachama wake kucheza au hata kutazama michezo iliyohesabiwa kuwa ya Waingereza, raga ikiwemo. Wavulana wawili wa Kikatoliki katika jiji moja, wenye sala zile zile, wangeweza kukua bila kukutana uwanjani hata mara moja. De Valera mwenyewe, aliyeongoza taifa lililotaka kujitenga na kila cha Kiingereza, alibaki mpenzi wa raga hadi uzeeni, na Blackrock ndiyo iliyompa mapenzi hayo.

---

Mama Isevya (Tabora) amejibu:

Mwalimu, nimesoma michango yote kwa makini, na nawashukuru wazee wangu. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii kwa watoto, na nitajibu swali lako la tatu, kwa kuwa nimelifuatilia kwa miaka kadhaa na ninaamini halifai kupitwa haraka.

Kwanza tuanze na fimbo iliyokuwa halali. Katika shule za Ayalandi mwalimu aliruhusiwa kumpiga mwanafunzi hadi mwaka 1982. Kifaa kilichojulikana zaidi katika shule za wavulana kilikuwa mkanda mfupi uliotengenezwa kwa vipande kadhaa vya ngozi ngumu vilivyoshonwa pamoja, unaoingia mfukoni mwa kanzu, na mvulana alinyoosha kiganja ili kuupokea. Kulikuwa na walimu walioutumia kwa nadra na wengine walioutumia kwa hasira, na mtoto hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu mzazi mwenyewe alikuwa amefundishwa kwamba padre na bruda hawakosei. Nalitaja hili kwanza kwa sababu lilijenga mazoea ya mtoto kunyamaza mbele ya mtu mzima mwenye kanzu.

Mwezi Mei 2009 ilitolewa ripoti kubwa ya tume ya serikali kuhusu shule za viwanda na malezi, ambako watoto wa maskini, yatima na waliohukumiwa kwa makosa madogo walikuwa wakifungiwa. Shule kama Artane na Letterfrack, zilizoendeshwa na Mabruda wa Kikristo, zilikuwa miongoni mwake. Ripoti ilionyesha kwamba vipigo vilikuwa desturi, na kwamba unyanyasaji wa kingono ulikuwa umeenea katika taasisi za wavulana. Nchi ilishtuka. Hata hivyo watu wengi walijifariji kwamba mambo yale yaliwapata watoto wasio na watetezi, na kwamba katika shule za kulipia, zenye wazazi wanasheria na mawaziri, yasingewezekana.

Novemba 2022 faraja hiyo ilikwisha. Ndugu wawili waliosoma katika shule hiyo ya Blackrock miaka ya 1970 na ya 80 walieleza katika redio ya taifa jinsi kila mmoja alivyodhulumiwa utotoni, kwa miaka mingi bila mmoja kujua ya mwenzake. Siku chache baadaye Shirika la Roho Mtakatifu lilieleza kwamba lilikuwa limepokea malalamiko ya watu 233 dhidi ya wanashirika 77, kutoka katika shule na kazi zake mbalimbali, na kwamba 57 kati ya walalamikaji walisema walidhulumiwa katika eneo la Blackrock. Shirika liliomba radhi hadharani. Baada ya hapo wengine wengi wakajitokeza, wakiwemo wanaume wenye miaka sitini na sabini ambao hawakuwahi kuwaambia hata wake zao. Serikali iliunda uchunguzi wa awali kuhusu shule zote zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa, na ripoti yake ilipotolewa Septemba 2024 ilikuwa na tuhuma 2,395 katika shule 308, dhidi ya watuhumiwa 884. Baada ya ripoti hiyo serikali ilikubali kuunda tume kamili ya uchunguzi.

Nina maoni yangu kuhusu sababu, na nitayasema waziwazi. Mganga ameeleza uzuri wa uaminifu wa wavulana wale kwa shule yao, na mimi sina shaka kwamba ni uzuri wa kweli. Lakini uaminifu huo huo ulimfunga mdomo aliyeumizwa. Mvulana wa Artane hakusikilizwa kwa sababu hakuwa na mtu; mvulana wa Blackrock hakusema kwa sababu alikuwa na watu wengi mno, na baba yake aliyesoma hapo hapo, na mapadre waliokula chakula mezani kwao siku za Jumapili. Kusema kungekuwa kuwavunja wote. Kwa hiyo Mwalimu, ukiniuliza kama uwafundishe wanafunzi wako jambo hili, jibu langu ni ndiyo, na uwafundishe katika kipindi kile kile unachofundisha mitihani na raga, wala si katika kipindi cha pembeni. Tena hakikisha kabla ya kipindi hicho wanamjua mtu mzima shuleni ambaye wanaweza kumwendea, maana darasani kwako anaweza kuwepo mmoja ambaye hilo si somo la historia kwake.

---

Mwalimu wa Cheyo (Tabora) ameandika tena:

Nawashukuru sana. Mama Isevya, ushauri wako wa mwisho nimeuchukua kama ulivyo, na mwalimu wetu wa malezi nimekwisha kuzungumza naye.

Nina swali moja limebaki. Hapa kwetu shule za mashirika ya dini zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, seminari zikaachwa, na ndipo ile ya Mtakatifu Maria ikawa mali ya umma. Ayalandi ilipata uhuru wake mwaka 1922 ikiwa na shule karibu zote mikononi mwa Kanisa. Kwa nini haikufanya kama sisi? Wanafunzi wangu wataliuliza, nina hakika.

---

Mzee wa Ujiji (Kigoma) amejibu:

Swali zuri, Mwalimu. Sisi tulirithi nchi ambayo shule zilikuwa chache na ziligawanywa kwa dini, na Mwalimu Nyerere, ingawa alikuwa Mkatoliki mwenye kushika ibada, aliona kwamba taifa haliwezi kujengwa ikiwa mtoto wa Kiislamu wa Ujiji hana nafasi sawa na mtoto wa misheni. Ayalandi ya mwaka 1922 ilikuwa na mgawanyo wa namna nyingine. Baada ya kisiwa kugawanywa, wananchi wengi mno wa dola mpya walikuwa Wakatoliki, na walioshika madaraka walikuwa wanafunzi wa shule hizo hizo. Serikali changa haikuwa na fedha ya kujenga sekondari, na Kanisa lilikuwa nazo tayari. Wakapatana: shule zikabaki mali ya mashirika, na serikali ikachukua mzigo wa kuwalipa walimu mishahara na kuandaa mitihani. Hadi leo serikali inawalipa walimu hata katika shule zinazotoza ada, jambo ambalo Waayalandi wengi wanalilalamikia.

Ukitaka mfano mmoja wa ukaribu huo, mtazame John Charles McQuaid. Alikuwa mkuu wa Blackrock kuanzia mwaka 1931 hadi 1939. Mwaka 1932 Dublin ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la dunia, wageni wakubwa walikaribishwa katika bustani za shule yake. De Valera, aliyekuwa mkuu wa serikali, alikuwa rafiki yake, na alipokuwa akiandaa katiba ya mwaka 1937 alipokea kutoka kwa McQuaid maandiko mengi kuhusu familia, elimu na mali. Katiba hiyo ikaitambua "nafasi ya pekee" ya Kanisa Katoliki, kifungu ambacho wananchi walikifuta kwa kura ya maoni mwaka 1972. Mkuu wa shule ya sekondari alikuwa akisaidia kuandika katiba ya nchi. Mwaka 1940 akawa Askofu Mkuu wa Dublin, na akashika kiti hicho hadi 1972. Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini hakuna waziri aliyefikiria kuzitaifisha.

Mabadiliko yaliletwa na fedha. Septemba 1966 Waziri wa Elimu, Donogh O'Malley, alitangaza kwamba sekondari zitakuwa bure, na mwaka uliofuata utaratibu ukaanza. Shule nyingi za mapadre na Mabruda ziliingia, na watoto ambao wangeishia darasa la mwisho la msingi wakafurika madarasani. Blackrock ilikuwa kati ya zilizobaki nje na kuendelea kutoza ada. Binafsi naona huo ndio wakati ambapo ile njia yake ya pili, ya kijana wa nyumba ya kibarua, ilipozidi kuwa nyembamba. Na tangu miito ya upadre ilipopungua, madarasa yake yameshikwa na walimu walei.

Jambo la mwisho, kwa ajili ya yule mwanafunzi aliyeuliza kuhusu mapadre wenyewe. Mfundishe habari za Joseph Shanahan. Alilelewa na kufanya kazi katika shule ya Rockwell, Tipperary, ambayo shirika hilo hilo liliifungua mwaka 1864, kisha mwaka 1902 akaenda kusini mashariki mwa Nigeria. Aliyemtangulia alitumia fedha nyingi kuwakomboa watumwa na kuwakusanya katika vijiji vya Kikristo, kama ilivyofanyika Bagamoyo. Shanahan aliugeuza mpango: akajenga shule ndogo katika kila kijiji kilichomkubali, akiamini kwamba wazazi watakaoomba shule watakubali pia padre. Alitoka katika nchi ambako mtihani na darasa viliwainua Wakatoliki kutoka chini, na hicho ndicho alichokiona kuwa kitafanya kazi. Uzeeni alihamia Kenya, akafia Nairobi mwaka 1943.

---

Mama Isevya (Tabora) amejibu:

Naongeza dogo tu kwa ajili ya ubao wako, Mwalimu. Usizichanganye ripoti hizo mbili: ile ya 2009 ilihusu shule za viwanda na malezi, na ilikuwa ripoti ya tume iliyokamilisha kazi yake, ile ya Septemba 2024 ni ya uchunguzi wa awali, na takwimu zake ni za tuhuma zilizopokelewa, si za watu waliohukumiwa mahakamani. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kuielewa tofauti hiyo, na katika mtihani au mdahalo itawasaidia kusema jambo lililo kweli bila kulipunguza wala kulizidisha.